Happy Hakunywa Sumu

Happy binti Eustakio hakunywa sumu. Hakuwa na mimba ya kutoa, hakuwa ameachwa na mchumba, wala hakuwa na ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kushusha sauti na kutazama mlangoni. Na mama yake, Mwalimu Teodosia, hakumpa kitu kwa mkono wake. Maneno hayo yalizaliwa Mnero, yakapanda pikipiki mpaka Nachingwea mjini, yakafika Ruangwa, yakalala Nkowe, na yaliporudi yalikuwa yamenenepa hata walioyazaa wasiyatambue. Jambo lenyewe lilitokea mchana, mbele ya waumini wa parokia nzima. Kama kila mtu aliliona lake, hiyo ni shauri ya macho yao.

Kwanza ijulikane nyumba yenyewe. Marehemu Eustakio alikuwa mgawa dawa katika zahanati, kazi aliyoifanya tangu ujana mpaka macho yalipomchoka. Dirisha lake lilikuwa dogo, na pale hapakuwa na ndugu wala rafiki. Ukija na cheti ulipata dawa. Ukija na undugu ulipata pole. Shemeji yake Maximilian, ambaye ni mdogo wake Teodosia, aliwahi kufika pale shavu limevimba kwa jino, akiomba vidonge vya kutuliza tu. Akarudishwa akapange foleni ya daktari kama watu wengine, naye akanuna msimu mzima wa korosho. "Dawa ya mtu ni ya mtu huyo," Eustakio alikuwa akisema. "Ukimpa mwingine, umempa mtego." Siku ya maziko yake, waliosimama kumsemea hawakutaja alichojenga. Walisema kwamba katika mikono ile hakikupotea hata kidonge.

Huo ndio urithi alioachiwa Teodosia, akaubeba kama abebaye yai kiganjani. Yeye mwenyewe ni mtu aliyesoma. Alifundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari mpaka akastaafu, na wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana wajukuu, bado huficha sigara wakimwona. Uwanja wake ulifagiliwa kabla jua halijachomoza. Watoto wake hawakuwahi kugombana kisimani. Aliposema jambo kwenye jumuiya, lilikuwa limekwisha.

Happy alikuwa kitinda mimba, na alizaliwa mkubwa. Bibi yake, mama yake Eustakio, alikuwa akimshika mapaja na kucheka kwa furaha, akisema kwa Kimwera kwamba huyu njaa haitamjua. Akakua hivyo hivyo, mpana na mchangamfu, akasoma hadi chuo, akapata kazi ya ukarani katika ghala la chama cha ushirika Nkowe. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na mzani na kuandika kilo za kila mkulima. Korosho zikija kwa wingi, foleni hufika barabarani, na watu wakichoka kungoja hutafuta cha kucheka.

Msimu ule walimpata yeye.

"Karani," mzee mmoja alipaza sauti, "panda wewe kwanza, tuone kama mzani ni mzima!"

"Usimpandishe," akadakia mwingine, "utavunjika, na mimi gunia langu bado!"

Foleni ikacheka. Happy naye alicheka, kwa kuwa karani asiyecheka na wakulima hana kazi. Jumamosi alipofika nyumbani alimsimulia mama yake, akiigiza sauti ya yule mzee, na walicheka wote wawili. Kisha Happy akaanza ghafla kukusanya vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Teodosia aliona. Akafikiri: litapita.

Halikupita. Mwezi wa kwanza, Filbert, mwalimu wa shule ya msingi huko Ruangwa, alileta wazee wake kuposa. Mjomba Maximilian, ambaye kwa desturi ya Wamwera ndiye mwenye kauli juu ya mtoto wa dada yake, aliwapokea kwa koti lake jeusi na jua lile lote. Harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Wiki iliyofuata walikuwa wamekaa kwenye veranda ya Teodosia wakimenya karanga za mbegu: Teodosia, Happy, Maximilian, na Asmaa, jirani ambaye shamba lake limepakana na lao tangu enzi za baba zao. Happy ndiye aliyelianzisha.

"Nimeona kwenye simu, siku hizi kuna sindano. Mtu anachoma, anapungua. Huko Dar wanazitumia."

"Dar wanatumia kila kitu," alisema Maximilian. "Wewe ukikonda, watu watasema nini? Watasema mjomba alikula mahari kabla hata haijaja, mtoto akafa njaa. Mimi sitaki kuonekana mjomba wa hivyo."

"Mjomba, magoti si ya ukoo. Yananiuma mimi."

"Mwacheni," Asmaa alisema, akipuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Kama kuna kidonge cha presha, na cha kichwa, na cha kuzuia uzazi, cha mwili kikiwepo kuna dhambi gani? Mimi ningekuwa na mwili ule na kile kidonge ninacho, ningekunywa na maziwa."

"Ungekunywa na sambusa," akasema Maximilian, na wote wakacheka, isipokuwa Teodosia.

"Dawa ni ya mgonjwa," alisema. "Mnene si mgonjwa."

Happy aliinua uso. "Daktari aliyenipima kazini alisema presha imeanza kupanda. Akasema mwili wangu ndio unaoisukuma. Sasa, Mama, mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Teodosia alijua ni la haki. Lakini alimwona Eustakio nyuma ya dirisha lake dogo, akaona pia nyuso za wanawake wa parokia wakisikia kwamba binti wa mgawa dawa anakunywa dawa ili apendeze.

"Punguza ugali," akasema.

Kuna jambo moja ambalo Happy hakulisema siku ile, na ndilo lililokaribia kumuua. Miaka miwili kabla ya hapo, Teodosia mwenyewe alikonda. Alikuwa mwanamke wa mabega, akawa wa mifupa. Alikuwa akinywa maji usiku kucha na kiu haiishi. Hospitali wakamwambia ni kisukari, wakampa vidonge. Kukonda kukakoma pale alipoanza vidonge, ila nyama iliyokwisha kuondoka haikurudi yote. Watu hawakujua mpangilio huo. Walichoona ni Mwalimu mwembamba na Mwalimu mwenye vidonge. Wanawake wa jumuiya walimwambia kwa utani kwamba amerudia usichana, na yeye, kwa kuwa hakupenda kueleza ugonjwa wake kwa watu, aliitikia kwa tabasamu. Happy aliyaona yote hayo kwa macho ya mtu anayetafuta njia. Ndiye aliyekuwa akimnunulia mama yake dawa Ruangwa kila zilipokosekana karibu. Alilijua jina. Akaenda kwenye duka moja la dawa, akasema ni za mama, naye mwenye duka, ambaye alikwisha kumzoea, hakuuliza cheti. Akapewa.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Watakaosema mama alikuwa wapi wakumbuke hilo. Nkowe, Waislamu walikuwa wamefunga, na Happy alipoacha chakula cha mchana hakuna aliyeshangaa. Walimsifu kwa kuwa na adabu. Mnero, Wakristo walikuwa wamefunga, na aliposukuma sahani nyumbani Jumamosi na Jumapili, walimsifu tena. Kila alipokwenda, njaa yake ilipata jina zuri.

Akaanza kupungua. Kwanza usoni, halafu mikononi. Edina, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, alimshika bega mbele ya watu baada ya misa. "Tazameni mfungo wa kweli," alisema. "Ninyi mnafunga nyama mnakula samaki." Edina huyo huyo, wiki ileile, alionekana kwa mama muuza vitumbua akisema kwamba kukonda kwa haraka namna hiyo kuna jina lake, na kwamba Filbert, masikini, angepelekwa kupima kabla hajavishwa pete.

Maneno yale yalimfikia Teodosia, kwa sababu maneno ya namna hiyo daima hufika. Hapo ndipo hofu ilipoingia ndani ya nyumba na kukaa. Alimtazama binti yake akila, yaani akikizungusha chakula. Alimwona akijaribu kutunga uzi kwenye sindano, uzi ukakataa kwa sababu vidole vilitetemeka. Asubuhi moja aliona shuka lake limelowa jasho na hali nje kulikuwa na baridi ya mvua. Aliujua ugonjwa wenye dalili kama hizo. Aliwazika wanafunzi wake kwa ugonjwa huo zamani, kabla dawa zake hazijapatikana. Siku hizi hauui kama zamani, na hilo alilijua pia, maana anasoma. Lakini kujua hakukumsaidia. Mara nyingi alifika mpaka kwenye mlango wa chumba cha Happy akiwa na swali mdomoni, na mara zote alirudi nalo. Ukiuliza utajibiwa, na jibu halirudishwi.

Alichoweza kusema ni hiki: "Mwanangu, Mungu hakutaka ufunge mpaka utetemeke."

"Si ulisema nipunguze ugali, Mama?" Happy akamjibu, akacheka. Kicheko kilitoka kidogo na chepesi, kama cha mtu mwingine.

Ikafika Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba ya parokia ile hufanyika nje: watu hubeba msalaba wa mti kutoka kigangoni, hupita kati ya mashamba, husimama kwenye kila kituo kusali na kupiga magoti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia ilikuwa tope, na mawingu yalikuwa bado yamefunika. Hapakuwa na jua la kumtoa mtu jasho. Happy, kwa pendekezo la Edina, alichaguliwa kutembea mbele karibu na msalaba. Alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Lakini kidonge cha asubuhi alikuwa amekinywa, kwa sababu harusi ilikuwa karibu na gauni lilikuwa tayari limepunguzwa na fundi.

Walipofika kituo cha tisa, pale Yesu anapoanguka mara ya tatu, katekista alitangaza, na watu wote wakapiga magoti kwenye tope. Happy hakupiga magoti. Alianguka kifudifudi, mikono imenyooka mbele.

Hakuna aliyesogea. Ilikuwa ndiyo saa ya kuanguka. Walidhani amejitupa chini kwa ibada, kumfuata Bwana wake, na sala ikaendelea juu yake. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa kuguswa. Edina alinong'ona, akiwa amefumba macho, "Mwacheni. Roho anamgusa."

Teodosia alikuwa amepiga magoti nyuma yao kidogo. Yeye naye, kwa kitambo kifupi, aliona fahari. Kisha akaona shingo ya binti yake. Jasho lilikuwa likitiririka kutoka kwenye nywele na kuingia ndani ya kola, jasho la baridi, jingi kama maji ya kumwagiwa. Akaona vidole vya mkono wa kulia vinachezacheza, vinachuma majani yasiyokuwepo. Mwili wake wenyewe ukamwambia kabla akili haijasema. Aliwahi kutoka jasho lile. Siku moja alikunywa dawa yake akaenda msibani Ruponda bila kula. Dunia ikafinyana mpaka ikawa kama tundu la funguo, na alipozinduka watu walikuwa wamemtia sukari mdomoni.

Haukuwa ule ugonjwa aliouogopa. Lakini alichokielewa kilikuwa kibaya zaidi, maana ule unampa mtu miaka, na huu haukumpa hata safari ya kwenda nyumbani.

Akaelewa na jingine: kwamba akisimama, atalazimika kusema kwa nini. Watasikia wote. Watasikia kwamba sifa zote zile za mfungo zilikuwa za vidonge, na kwamba vidonge vyenyewe ni vya nyumba ya Eustakio. Kama angemfuata polepole, akamvuta pembeni, akasingizia jua... Lakini jua halikuwepo. Na vidole vilikuwa vimeacha kuchuma.

Akasimama. "Sukari!" alipaza sauti. "Nani ana sukari?"

Sala ikakatika. Watu waligeuka wakamtazama kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya shambani.

"Mwalimu," alisema Edina, bado magotini, "leo Ijumaa Kuu. Mtoto yuko kwenye mfungo, usimvunjie."

"Lete sukari, Edina, au nikuvunjie wewe."

Lakini nani hubeba sukari siku ile? Hawakuwa na kitu. Watu mia kwenye njia ile, na hakuna hata aliyekuwa na pipi mfukoni. Teodosia alikuwa amemgeuza binti yake, kichwa kiko mapajani mwake, macho yamefunguka nusu na hayaangalii kitu. Alimwita. Akampiga mashavuni. Maximilian alikuja mbio na koti lake jeusi limejaa tope, akabaki amesimama huku ameshika kofia. "Ni malaria," akasema, "ni malaria imempanda." Mwingine akasema ni pepo, akaanza kumwekea mikono.

Asmaa ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa kwenye shamba lake, upande wa pili wa ua wa minyaa, akiwatazama wakipita kama afanyavyo kila mwaka. Naye alikuwa amefunga, lakini nyumbani kwake kulikuwa na sukari ya uji wa futari. Aliposikia lile neno hakungoja maelezo. Alirudi na bakuli zima, akaruka mtaro, kanga imemdondoka begani.

"Ana nini? Mwalimu, amepatwa na nini?"

Hapo ndipo lilipotoka. Teodosia hakuweza baadaye kusema kama alilisema kwa sauti kubwa. Waliokuwepo wanasema lilisikika mpaka kwa waliokuwa mwisho.

"Amekunywa vidonge vya kisukari. Vyangu. Ili akonde."

Katekista aliuteremsha msalaba chini. Teodosia hakumtazama mtu. Alilowesha sukari kwa maji kidogo, akaichota kwa kidole na kuipaka ndani ya mashavu ya binti yake, kwenye fizi, chini ya ulimi, taratibu asije akapaliwa, kama alivyokuwa akimpaka asali alipokuwa mchanga. Akapaka tena. Midomo ikaanza kusogea. Macho yakatafuta, yakampata.

"Mama," Happy alisema, ulimi mzito, "nimechafua gauni?"

Watu wakapumua. Mtu akaanzisha wimbo. Maximilian akajifuta uso, akasema, "Haya, ameamka, mpelekeni akalale." Nao wengi wanadhani mpaka leo kwamba jambo liliishia pale. Hawajui yaliyofuata, kwa sababu hawakuwepo kwenye ile pikipiki.

Walimpakia mshikaki, dereva mbele, Happy katikati, Teodosia nyuma akimshikilia kwa mikono yote miwili, na Maximilian kwenye pikipiki ya pili. Asmaa alimfungia sukari kwenye pindo la kanga. Hawajafika hata barabara kubwa, Teodosia alihisi mwili ule mbele yake unalegea tena. Kichwa kikaangukia mgongoni kwa dereva.

"Happy!"

Jasho lile tena. Alimsimamisha dereva katikati ya tope, wakamteremsha, akafungua pindo kwa meno. Akapaka. Akangoja. Hapo, kando ya njia, bila umati wa kumtazama, ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Alielewa kwamba dawa haijaondoka. Ilikuwa bado ndani, inafanya kazi yake, inakula kila alichompa, na kidole chake na ile sukari ya futari vilikuwa vinashindana nayo mbio.

"Dada," Maximilian alisema, sauti imebadilika, "si aliamka? Dada Teo, si aliamka?"

"Anarudi kule. Shika miguu. Twende."

Hospitali walipokelewa na daktari kijana aitwaye Geofrey. Alimchoma kidole Happy, akatazama kipimo, akaita wauguzi kwa sauti ambayo madaktari huificha mbele ya ndugu. Dripu ya maji ya sukari ikawekwa. Kisha akageuka.

"Amekunywa nini?"

"Daktari," Maximilian alimvuta pembeni, lakini si pembeni sana, "wewe andika malaria. Kuna watu wa harusi. Unanielewa."

"Mzee wangu, nikiandika malaria, atakayeingia zamu baada yangu atamtibu malaria. Atamwondolea dripu hii, na hamtakuwa na harusi wala mtoto." Akamgeukia Teodosia. "Mama?"

Teodosia alisema tena, mara hii kwa jina kamili la dawa, na tangu lini kwa kadiri alivyokisia. Geofrey aliandika bila kuinua uso, na kwa hilo Teodosia alimshukuru.

Mchana ule Happy alizinduka na kuzama tena, zaidi ya mara moja. Kila alipozama Teodosia alihisi kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo na kamba inateleza. Jumamosi asubuhi akaamka na akabaki. Alikuwa mzito wa maneno, anatafuta jina la kikombe na halipati, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kuzimia kwenyewe. Geofrey alisema litarejea. Lilirejea, lakini pole pole.

"Kwa nini?" Teodosia aliuliza walipokuwa wawili.

"Nilikuona wewe. Ulikunywa, ukakonda. Nami nikaenda dukani, nikanunua kwa jina lako."

"Nilikonda kwa ugonjwa! Dawa ndiyo iliyonizuia nisiishe!"

"Hukuwahi kusema, Mama. Watu walikusifu, ukacheka."

Geofrey aliingia wakati huo, na pengine alikuwa amesikia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema kwamba dawa za kupunguza mwili zipo, si uzushi wa simu. Zinaandikwa na daktari kwa mtu ambaye uzito unamletea maradhi, kwa kupimwa na kufuatiliwa, nazo zina faida zake na madhara yake, na wapo madaktari wanaozikubali na wapo wanaoziogopa. "Lakini hizi ulizokunywa wewe si hizo. Na hata zile, si za kununua kwa jina la mama."

"Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuuliza," alisema Happy.

"Ulikuwa na haki ya kuuliza. Duka halikuwa na haki ya kukujibu."

Teodosia alikuwa anaitazama dripu, tone baada ya tone, akiogopa kupepesa macho.

Harusi ilisogezwa mbele, kisha ndoa ikafungwa. Filbert aliambiwa ukweli wote na Happy mwenyewe, barazani, Maximilian akiwa ameziba macho kwa kiganja. Filbert aliuliza jambo moja tu, kama sasa amepona, akasema yeye alimposa akiwa na mwili ule na hakuwa kipofu. Gauni likafunguliwa mshono. Maneno yaliyosemwa hapa mwanzoni yakaanza safari zake, na Teodosia aliyasikia yote, akaendelea kufagia uwanja wake.

Hakujua kwamba umbea haukuwa ndio wa kuogopwa. Cha kuogopwa kilikuja na kikapu cha karanga.

Alikuwa Edina. Alikaribishwa kiti, akapewa maji, akauliza hali ya Happy huko Ruangwa, akasifu uwanja, akazungumzia mvua. Mtoto wake Koleta, alisema, naye anaolewa mwaka huu. Mwili wake Mwalimu anaujua. Akageuka akatazama njiani kama kuna mtu, akasogeza kiti.

"Mwalimu, kile kidonge. Kinaitwaje?"

Teodosia alidhani hakusikia vizuri. "Edina, wewe ulikuwepo. Ulikuwa magotini karibu naye kuliko mimi. Ulimwona."

"Nilimwona. Lakini alizidisha mfungo, ndiyo maana. Wa kwangu atakuwa anakula."

Teodosia alimwona Koleta akilini, msichana mcheshi mwenye vishimo mashavuni, amelala kifudifudi katika njia fulani ambako hakuna shamba la Asmaa. Tena Edina hakuwa wa kwanza. Mwanamke wa Nkowe alikuwa amekwisha kumpigia simu Happy. Mwingine alimsimamisha Maximilian sokoni Nachingwea. Maneno aliyoyapaza pale kituo cha tisa ili kumwokoa mtoto mmoja, watu walikuwa wameyasikia kama tangazo.

"Mpeleke Koleta hospitali," alisema. "Apimwe. Kama anahitaji dawa ya mwili, ataandikiwa yake."

"Foleni, Mwalimu. Na watasema tu apunguze ugali. Na Happy je? Naona bado anapungua. Siku hizi anatumia nini?"

"Hilo ni la Happy na daktari wake."

"Basi nitajie hicho cha kwanza. Sitamwambia mtu."

"Hapana."

"Hata herufi kinayoanza nayo?"

Teodosia alisimama, akakichukua kile kikapu, akakiweka mikononi mwa mwenyewe.

"Sikitaji, Edina. Si kwako, si kwa Koleta, si kwa mtu yeyote atakayefika hapa. Nenda nyumbani."